Chupa isichomoke: mwongozo kamili wa kushikilia chupa za maji kwenye baiskeli

Chupa ikichomoka kwenye baiskeli, mara nyingi huisikii inapotoka. Unaisikia inapotua: ko! kwenye barabara, kisha mburuto wa plastiki nyuma yako, kisha kimya. Kama uko peke yako, umepoteza maji na dakika tano za kurudi kuitafuta. Kama kuna wenzako nyuma, hapo ndipo kasheshe huanza.

Mimi somo hili nililipata asubuhi moja tukiwa wanne kwenye mstari, mimi wa pili. Gurudumu langu la mbele liliingia kwenye shimo ambalo hata si shimo, ni kama kisahani tu. Chupa iliyojaa iliruka, ikadunda mara moja, ikabingirika hadi chini ya gurudumu la jamaa aliyekuwa nyuma yangu. Alianguka kwa ubavu, kiwiko kikachunika. Alinisamehe kabla hata hajasimama, lakini siku ile niliendesha kichwa chini njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta bolti ya chini ya kishikio cha chupa haipo kabisa. Ile ya juu ilikuwa imebaki kwa nyuzi mbili, yaani ile mistari inayozunguka bolti. Shimo lile nilikuwa nikilitukana bure.

Tangu hapo nimezitengeneza chupa nyingi zinazoanguka, zangu na za watu, na karibu kila mara mtu huja amekwisha kununua kishikio kipya kabla hajajua cha zamani kilikuwa na kosa gani. Basi tuanze na kujua kosa.

1. Tafuta kinachocheza

Simamisha baiskeli. Toa chupa. Shika kishikio kitupu kwa vidole na ukitikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Kikisogea hata kidogo pale kinapogusa fremu, tatizo ni bolti, na huna haja ya kusoma habari za chupa mpaka umalize hatua ya pili.

Kishikio kikiwa kimetulia, rudisha chupa ikiwa imejaa maji. Izungushe kwa vidole viwili. Ikizunguka kirahisi kana kwamba iko ndani ya ndoo, basi chupa na kishikio havikukutana: kimoja ni chembamba au kingine kimepanuka. Chupa inayoshikwa vizuri inagoma kidogo. Inazunguka kwa kulalamika.

Kama kishikio kimetulia na chupa inagoma, lakini bado inaanguka, basi sababu ni mahali ulipokifunga, au ni mkono wako unavyoirudisha chupa. Hiyo ya mkono hutokea zaidi kuliko watu wanavyokubali.

2. Bolti

Kwenye fremu nyingi za baiskeli za leo kuna matundu mawili yenye nyuzi kwenye bomba la mshazari (lile linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye pedeli) na mengine mawili kwenye bomba la siti. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 64. Bolti zake ni za M5, yaani unene wa milimita 5, na zinafunguliwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita uliopindwa kama herufi L. Zenye kichwa kirefu cha mviringo huchukua alenki ya milimita 4; zenye kichwa kifupi kilichobonyea kama kofia, mara nyingi milimita 3. Usijaribu kufungua ya 4 kwa alenki ya 3 ukiomba Mungu. Utaila kona za ndani na siku nyingine haitafunguka kwa lolote.

Zifungue zote mbili kabisa, uzitoe, uziangalie. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, wanakaza tu na kuondoka. Ukizitoa utaona kama nyuzi zimejaa mchanga, kama bolti imepinda, kama ni fupi mno. Bolti inayoingia kwa mizunguko miwili au mitatu tu haiwezi kuhimili mtikisiko wa siku nyingi. Ndefu kupita kiasi nayo ina ubaya wake: kwenye bomba la siti inaweza kutokeza ndani ikakwaruza nguzo ya siti, au ukashindwa kuishusha siti bila kujua kwa nini.

Futa nyuzi kwa kitambaa. Sasa uchague kimoja: grisi kidogo au gundi ya kufungia bolti. Mimi naweka grisi kwenye baiskeli inayokaa kwenye lami, kwa sababu bolti ya chuma ndani ya nati ya aluminiamu, ikipata maji na jasho, hushikana kwa kutu mpaka inakatika. Kwa baiskeli ya njia za mawe naweka tone moja la ile gundi ya bluu, ambayo inashika lakini bado inafunguka kwa zana za mkono. Ile nyekundu iache. Hiyo huhitaji moto ndipo ifunguke, na hakuna mtu anayetaka moto karibu na rangi ya fremu yake.

Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) nyembamba chini ya kichwa cha kila bolti kama tundu la kishikio ni pana. Anza bolti zote mbili kwa vidole, si kwa alenki, mpaka ziingie mizunguko kadhaa bila kulazimisha. Bolti inayogoma mwanzoni imeingia upande. Itoe uanze upya. Kisha kaza kwa zamu: juu kidogo, chini kidogo, juu tena. Ukimaliza moja kabisa kabla ya kugusa nyingine, kishikio hukaa kwa mvutano na hiyo ya pili hulegea baada ya safari chache.

Kaza kiasi gani? Vishikio vingi huandikiwa kati ya nyutoni-mita 2 na 5, na kama una spana ya kupimia nguvu, fuata namba iliyoandikwa kwenye kishikio au fremu yako. Kama huna, tumia njia hii: ingiza mguu mrefu wa alenki kwenye bolti, ukaze kwa kushika mguu mfupi kwa vidole viwili mpaka vishindwe. Kisha geuza alenki, shika mguu mrefu, ongeza kama robo ya mzunguko kwa upole. Hapo inatosha. Bolti hizi ni ndogo na nati zake zimebanwa kwenye bomba jembamba. Mtu mwenye hasira huziharibu kwa sekunde moja.

Kuhusu kuharibu: kwenye fremu za aluminiamu na kaboni, nati ile kwa kawaida ni ya aina ya ribiti, imebanwa tu kwenye tundu. Ikilegea, unazungusha bolti na nati inazunguka nayo, haifungi wala haifunguki. Usiendelee kuzungusha, maana unalichimba tundu liwe kubwa zaidi. Vuta kishikio kwa nje kwa mkono mmoja ili nati ibanwe kwenye bomba, na kwa mkono mwingine ufungue taratibu. Mara nyingi hiyo inatosha kuitoa bolti. Baada ya hapo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubania ribiti aibane upya. Ni kazi ya dakika chache kwake. Kwako bila kifaa ni kazi ya kujuta.

3. Kishikio chenyewe

Kishikio cha waya wa aluminiamu ndicho ninachokipenda kwa sababu kinasikia maneno. Kikipanuka, unakirudisha. Toa chupa, shika mikono yake miwili kwa viganja na uibane ielekeane, milimita chache tu. Rudisha chupa, jaribu. Bado? Bana tena kidogo. Unatafuta hali ambayo chupa inaingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa kwa mkono mmoja bila baiskeli kuyumba. Ukibana kupita hapo umejitengenezea hatari nyingine: utakuwa unang'ang'ana na chupa badala ya kuangalia njia.

Usifanye hivyo kila wiki. Aluminiamu inayokunjwa na kukunjuliwa huchoka, na huanza kupasuka pale waya ulipochomelewa, mara nyingi upande wa ndani usiouona. Pitisha ukucha kwenye kila kiungo. Ukikwama kwenye ufa, kishikio hicho kimekwisha. Alama nyeusi ambazo aluminiamu huziacha kwenye chupa ni uchafu tu wa kusuguana, hazikuambii kama kishikio kinashika vizuri au vibaya.

Vya plastiki na vya kaboni havikunjwi. Vinashika kwa unyumbufu wao tangu kiwandani, na vikizeeka ndiyo basi. Kwenye plastiki tafuta mstari mweupe kwenye kona. Huo ni ufa unaokuja. Uzuri wake ni kwamba vingi vina ulimi mdogo unaoingia kwenye mfereji unaoizunguka chupa na kutoa mlio, tk! Ukiusikia mlio huo kila unaporudisha chupa, nusu ya mwongozo huu huihitaji.

Kuna tofauti moja nataka uiangalie unapochagua kipya: mikono inaizunguka chupa kwa kiasi gani. Vishikio vyepesi sana vya mashindano huishika chupa mahali pawili patatu tu na kuiacha wazi kwa mbele. Kwenye lami laini havina shida. Kwenye changarawe, kishikio cha gramu sabini kinachoikumbatia chupa ni bora kuliko cha gramu ishirini kinachoisalimia.

4. Chupa

Chupa za baiskeli zinazobinywa zina kipenyo cha milimita 73 au 74 hivi, na vishikio vya kawaida vimetengenezwa kwa kipenyo hicho. Huna haja ya kifaa maalumu kupima. Zungusha uzi kwenye tumbo la chupa, unyooshe kwenye rula: ukipata karibu na milimita 230, chupa inafaa. Chupa ya plastiki laini ya maji ya kununua, ile ya nusu lita, mara nyingi hutoa kama 200 tu. Yaani kipenyo chake ni pungufu kwa milimita tisa au kumi, ndiyo maana inachezacheza kisha inaruka kwenye tuta la kwanza. Chupa za chuma hutofautiana, pima kila moja.

Kwenye mashindano ya barabarani, kanuni za shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, huruhusu chupa za kati ya mililita 400 na 800. Wewe hukufungwa na kanuni hiyo, ila inakupa picha ya ukubwa ambao vishikio vya kawaida vilifikiriwa kubeba. Chupa ya lita moja ina zaidi ya kilo moja ikijaa, na ni ndefu. Kituo chake cha uzito kinapita juu ya mikono ya kishikio, na kila mtikisiko unaipindua kama jembe linalong'oa kisiki. Ukitaka lita moja, nunua kishikio kirefu kinachoshika na shingo, au beba chupa mbili ndogo.

Sasa kitu ambacho nilichukua miaka kukigundua. Shika chupa laini iliyojaa, unywe kwa kufyonza kwa nguvu, halafu uifunge mdomo papo hapo. Itazame ubavuni: imejikunja, imeingia ndani kidogo kama shavu la mzee. Haijapata hewa ya kujaza nafasi ya maji uliyokunywa. Ukiirudisha kwenye kishikio katika hali hiyo umeirudisha ikiwa nyembamba kuliko ilivyotoka, na kishikio kilichokuwa kinashika sasa hakishiki. Dawa ni rahisi: baada ya kunywa, iachie pumzi. Acha mdomo wazi kwa sekunde moja, isikie inavuta hewa, ijae, ndipo uifunge na kuirudisha. Jaribu jikoni leo, utaona mwenyewe.

Kuilowesha nayo kuna athari. Maji ya sukari yakimwagika nje huteleza yakiwa mabichi na kunata yakikauka, kwa hiyo chupa ileile inachomoka asubuhi na kukwama mchana. Ifute. Na kama unagandisha maji, usijaze mpaka juu: yakiwa barafu huongezeka kwa karibu asilimia 9, chupa inavimba, inalazimishwa kwenye kishikio na kukipanua. Barafu ikiyeyuka chupa hurudi umbo lake, kishikio hakirudi.

5. Chupa nyembamba, kishikio kipana

Hapa ndipo tyubu kuukuu la baiskeli linapopata kazi ya uzeeni. Likate kwa urefu liwe utepe, lioshe kwa sabuni ile poda nyeupe ya ndani iishe, likauke. Una njia mbili.

Ya kwanza, kuvalisha kishikio. Zungushia utepe kwenye mikono ya kishikio pale inapogusa chupa, uuvute unapozungusha ili usilegee, na mwisho wake uufunge kwa tepu ya umeme. Mpira hauongezi unene mwingi, lakini unaongeza msuguano ajabu, na unanyamazisha ile kelele ya chupa ya chuma inayogonga waya safari nzima. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye chupa ya kipimo sahihi inayoteleza.

Ya pili, kuvalisha chupa, pale kipenyo kinapopungua kwa milimita nyingi. Tyubu la kawaida lina unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo kila mzunguko huongeza kama milimita mbili kwenye kipenyo. Chupa iliyopungua milimita nane itataka mizunguko minne. Uzungushe pale kishikio kinaposhika, si juu wala chini. Ni kazi ya kufaa kama unayo chupa moja unayoipenda. Kwa chupa unazobadilisha kila siku utachoka.

Msasa pia hutumika. Katika mbio za Paris–Roubaix, zinazopita kwenye vipande virefu vya barabara za mawe, chupa zilizoruka hutapakaa kandokando, na mafundi wa timu wamekuwa wakibandika utepe wenye chenga kama za msasa ndani ya vishikio ili vishike. Unafanya kazi kweli. Unakula chupa pia; baada ya mwezi ubavu wa chupa huwa kama umetafunwa na panya. Kwa siku moja ya mashindano sawa, kwa kwenda kazini kila siku bora mpira.

6. Mahali pa kuifunga

Bomba la mshazari na bomba la siti havifanani kwa chupa. Fikiria baiskeli ikiingia shimoni: inapunguzwa mwendo ghafla, lakini chupa bado inataka kwenda mbele. Kishikio cha bomba la mshazari kimefungukia mbele na juu, kwa hiyo mlango uko wazi upande uleule chupa inakotaka kwenda. Cha bomba la siti kimesimama zaidi na kinaelekea nyuma kidogo. Chupa ikisukumwa mbele inakutana na mikono ya kishikio, na uzito wake karibu wote unaivuta chini kwenye kitako chake. Kwa hiyo kama una kishikio kimoja kizuri na kimoja hafifu, kile kizuri kiende kwenye mshazari. Na kama njia ni mbovu na chupa moja tu imejaa, ikae kwenye bomba la siti.

Fremu ikiwa ndogo, chupa hugonga bomba la juu kabla haijatoka, nawe unaitoa kwa kuipinda, na kila ukiipinda unaupanua mkono mmoja wa kishikio. Usipigane nayo. Vipo vishikio vinavyoingiza chupa kwa ubavu. Chagua upande wa mkono unaonywea.

Nyuma ya siti ni mahali pa shida. Chupa imekaa juu, mbali na katikati ya baiskeli, na kila mtikisiko wa gurudumu la nyuma huifikia ukiwa umekuzwa. Wanamichezo wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia huzipenda kwa sababu za hewa, na wao ndio hurusha chupa kuliko wote. Ukilazimika kuzifunga huko, usiziache bila mkanda wa velkro.

Chini ya bomba la mshazari, upande wa nje, maji hubaki salama lakini mdomo wa chupa hupokea kila tope linalorushwa na gurudumu. Hapo weka chupa yenye kifuniko, au weka zana badala ya maji. Angalia pia kama gurudumu la mbele, usukani ukikatwa, halitaigusa.

Kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, funga tu kama foki ina matundu yake ya kiwandani. Foki yenye springi haina nafasi ya kubahatisha: sehemu inayoingia na kutoka haifungiwi kitu chochote, kamwe. Kitu kikilegea pale kinakwenda moja kwa moja kwenye spoki, na mtu anakwenda juu ya usukani.

7. Fremu isiyo na matundu

Usitoboe fremu. Nasema hivi mapema kwa sababu nimekwisha kuona mtu ana drili mkononi. Tundu kwenye bomba lisilotengenezewa tundu ni mahali ufa utakapoanzia, na kwenye kaboni ni mwisho wa fremu.

Tumia vibano vinavyozunguka bomba na kukupa matundu ya M5, au zile kamba za plastiki zenye meno zinazojifunga zikivutwa. Kwa kamba: zungushia bomba utepe wa tyubu kwanza, maana bila mpira kishikio kitazunguka bomba ukiwa njiani na rangi itakwaruzwa. Weka kishikio juu yake. Pitisha kamba mbili pana juu na mbili chini, si moja moja. Zivute kwa koleo huku mwenzako akikandamiza kishikio, kisha ukate mikia yake sawasawa na kichwa. Mkia uliokatwa kwa mshazari unachana shavu la mguu kama wembe. Zungusha pedeli kinyumenyume mizunguko kadhaa, uhakikishe miguu haigusi kitu.

Kamba hizi huzeeka kwa jua. Zikianza kupauka, badilisha. Na kwenye bomba la kaboni, kibano cha chuma kisikazwe kwa nguvu. Kaboni huvumilia mvuto, haivumilii kuminywa.

Kifuko cha kitambaa kinachofungwa kwenye usukani ni mbadala mzuri kwa wenye fremu finyu, mradi nyaya za breki na gia zibaki huru. Kata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, bonyeza breki zote mbili. Chochote kikivutika, sogeza kifuko.

8. Mkanda kwa njia mbovu

Kwa mawe na mizizi, hakuna kishikio ninachokiamini peke yake. Kata pete kutoka kwenye tyubu, upana wa vidole viwili. Inase kwenye kishikio kwa chini nyuma ya chupa, uivute mpaka juu, uivishe kwenye shingo ya chupa. Kunywa kutakutaka usimame au upunguze mwendo sana, ndiyo gharama yake. Mkanda wa velkro hufanya kazi hiyohiyo na hufunguka haraka zaidi, ila ukijaa tope hupoteza kunata.

9. Jaribu kabla ya njia kukujaribu

Jaza chupa. Shika baiskeli kwa usukani na siti, iinue kiasi cha kiganja kutoka chini, iachie itue kwa magurudumu. Rudia mara kumi. Kisha inua upande wa mbele peke yake, iachie. Halafu wa nyuma. Angalia kama chupa imepanda hata kidogo. Ukitaka uhakika, chora mstari kwa kalamu pale mdomo wa kishikio unapoishia na uangalie umbali wake baadaye.

Jaribio la mwisho ni kuipindua baiskeli magurudumu juu chupa ikiwa imejaa, na kuitikisa. Ikikaa, itakaa karibu popote utakapokwenda. Ikidondoka, rudi hatua ya kwanza, sasa unajua cha kutafuta.

10. Mkono

Kunywa mahali panaponyooka, mkono mwingine ukiwa karibu na katikati ya usukani, macho mbele. Chupa unaijua iliko, huhitaji kuitazama. Fanya mazoezi uwanjani mpaka mkono ujifunze. Unaporudisha, tanguliza kitako, ipeleke mpaka igonge mwisho, kisha iongezee pigo la kiganja juu. Chupa nyingi ninazoziona zikiruka zilikuwa zimeingia robo tatu tu, mwenyewe akidhani zimefika.

Ukiona sehemu mbovu inakuja na chupa iko mkononi, usianze kuitafutia nyumba. Ishike kwa meno au uiingize mfuko wa nyuma wa jezi, mikono yote irudi kwenye usukani.

Na ikishaanguka, imeanguka. Usiidake, usifunge breki ghafla, usikate kona. Piga kelele "chupa!" wenzako wasikie, endelea mbele mpaka mahali pa kusimama, ndipo urudi kwa miguu ukiangalia magari.

11. Bolti ya akiba

Kaza upya baada ya safari ya kwanza, kwa sababu kishikio kipya hujituliza. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha, au kila baada ya siku ya njia mbovu. Kwenye kifuko cha zana weka alenki yako na bolti mbili za M5. Ukisahau, kumbuka kwamba matundu ya kufungia keria na madigadi kwenye fremu nyingi ni ya M5 pia: bolti isiyo na kazi pale inaweza kuazimwa mpaka ufike nyumbani. Ukikosa hata hiyo, usiendeshe na kishikio cha bolti moja. Kitazunguka mpaka kiguse pedeli, na bolti iliyobaki itakwenda na nati yake. Kifungue chote, kitie kwenye begi, chupa mfuko wa nyuma.